Keziah Lorinda Ostrander, Aliyeswaga Maksai Hadi Oregon

Mchungaji, majirani wa Linnet Creek, walimu mliofundisha na marehemu, jamaa mliotoka Salem na Portland, na ninyi mliokuja kwa miguu kwa sababu barabara ya mtoni bado ina matope, familia imenipa kazi ya kusimama mbele yenu na kuwasomea maisha ya mama yetu, Keziah Lorinda Ostrander, ambaye wengi wenu mmemwita Mama Hatch mpaka juzi ingawa jina hilo aliliacha miaka hamsini iliyopita. Mimi ni Adaline, binti yake mdogo wa ndoa ya kwanza. Tarehe mtakazozisikia alinitajia mwenyewe mwezi Oktoba mwaka jana, akiwa jikoni anamenya matufaha, na kila nilipotaka kuongeza neno la kumsifu alinyanyua kisu akanikataza, akasema, "Andika tarehe, Ada. Sifa waachie wale ambao hawakuwepo." Nimejitahidi kumtii, na pale niliposhindwa mtanisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1823 katika kijiji cha Peverell, jimbo la Vermont, akiwa mtoto wa sita kati ya watoto tisa wa Obed Tuttle, fundi wa mapipa, na mkewe Submit. Alisoma katika shule ya kijiji hicho kuanzia mwaka 1830 hadi 1838, miezi mitatu tu ya baridi kila mwaka, kwa kuwa miezi mingine watoto walihitajika shambani, na mwaka 1839, akiwa na miaka kumi na sita, alikabidhiwa shule hiyo hiyo aifundishe, ingawa baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wamemzidi umri, kimo na ndevu.

Tarehe 3 Oktoba 1841 alifunga ndoa na baba yangu, Amasa Hatch, fundi wa magurudumu na magari ya ng'ombe, na Mungu akawajalia watoto wanne: Rosetta, aliyezaliwa Peverell tarehe 11 Agosti 1842, Orrin, aliyezaliwa Iowa tarehe 2 Machi 1846, muda mfupi baada ya wazazi kuhamia huko, akafariki kwa homa kabla ya kutimiza mwaka, Lucius, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1848, na mimi, ambaye habari za kuzaliwa kwangu nitawaeleza mahali pake, kwa sababu sikuzaliwa nyumbani wala karibu na nyumba ya mtu yeyote.

Watu hupenda kusema kwamba Mama alikuwa na hamu ya nchi mpya. Hakuwa nayo. Baba ndiye aliyesikia habari za bonde hili, na Mama alimwambia mbele ya Rosetta, aliyekuwa amekaa chini ya meza, "Amasa, hapa tuna kisima." Baba akajibu, "Kule kuna mto, mke wangu." Mama akasema, "Mto si kisima." Mabishano hayo yaliendelea majira yote ya baridi, na mwishowe Mama alikubali, si kwa kushawishika bali kwa sababu, alivyosema, afadhali awe kwenye safari asiyoitaka kuliko kubaki na mume anayeangalia dirishani.

Waliondoka Iowa tarehe 19 Aprili 1852 wakiwa na gari moja la turubai, maksai wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeitwa Duchess, wakajiunga na msafara wa magari ishirini na mawili uliokuwa chini ya Kapteni Burrell Stroud, na tarehe 8 Mei wakavuka mto Missouri. Tarehe 29 Mei, kando ya mto Platte, Baba alifunga nira asubuhi kama kawaida, akalalamika kichefuchefu saa sita mchana, na kabla jua halijazama kipindupindu kilikuwa kimemmaliza. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Walimzika katikati ya njia yenyewe, bila msalaba wala jiwe, kisha magari yote yakapita juu ya kaburi ili ardhi ishindiliwe na mbwa mwitu wasilitambue, na gari letu lilikuwa miongoni mwa hayo. Rosetta anakumbuka kwamba Mama hakupanda garini. Alitembea nyuma ya gari la mwisho, akapita pale kwa miguu yake mwenyewe.

Kesho yake asubuhi wanaume wa msafara walikaa kikao. Ilikuwa desturi, na Mama hakuwalaumu, kwa sababu msafara unaochelewa hukutwa na theluji milimani na watu wote hufa pamoja. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, watoto wawili wadogo, na hakuwahi kuswaga maksai maishani mwake. Wakaamua apandishwe kwenye gari la kwanza litakalokutwa likirudi mashariki. Kapteni Stroud alipokuja kumpa habari, alimkuta ameshika mjeledi wa Baba, amesimama upande wa kushoto wa maksai, mahali anaposimama mwenye kuwaongoza.

"Kapteni," alisema, "nipe wiki moja. Siku nitakayowachelewesha, hata kwa nusu saa, niacheni hapo hapo nilipo."

Bwana mmoja aliyeitwa Hosea Pruitt, aliyekuwa na gari nyuma ya letu, akacheka akasema, "Mama Hatch, maksai hawasikii sauti ya mwenye sketi."

Mama akamgeukia. "Bwana Pruitt, maksai wako wamesikia sauti yako miaka minne, na juzi wametolewa matopeni kwa kamba ya mume wangu. Nikiimaliza wiki nitakuja kukufundisha."

Watu walicheka, na Kapteni akampa wiki. Sijui jinsi ya kuwaeleza wiki ile, maana hata Rosetta, aliyeiona, hushindwa. Siku ya kwanza maksai walimburuta, siku ya pili mmoja alimkanyaga mguu na kidole kikavunjika, akakifunga kwa kipande cha shuka akaendelea. Usiku aliwasikiliza wanaume wakitoa amri zao kwa maksai walipokuwa wakiwapeleka malishoni, akazikariri kama mtoto anavyokariri tebo. Siku ya nne alianza kuamka kabla mlinzi wa zamu hajaamsha kambi, na siku ya tano gari letu lilikuwa la kwanza kufungwa nira katika msafara mzima. Wiki ilipokwisha hakuna aliyetaja tena habari za kurudi mashariki, na Bwana Pruitt, namtendea haki kusema hivi, alileta pande la nyama ya nyati akaliweka juu ya ubao wa gari letu, akaondoka bila kupiga hodi.

Ndugu zangu, alitembea. Garini kulikuwa na unga, maharage na watoto, na maksai waliochoka hawaongezewi mzigo, kwa hiyo mwanamke yule, nami nikiwa kwanza tumboni mwake kisha kifuani, alitembea kwa miguu maili zaidi ya elfu moja na mia sita, kutoka kaburi la mumewe hadi bonde hili mnalolima. Kuna nyakati nimepanda kilima hicho cha nyuma ya kanisa nikatazama mashariki, nikajaribu kuiwaza njia hiyo, akili yangu ikagoma kabla sijafika hata milima ya kwanza.

Tarehe 27 Julai 1852, kando ya mto Bear, Mama alianza uchungu alfajiri. Hakumwambia mtu. Alifunga nira mwenyewe, akatembea maili saba, na msafara uliposimama mchana kupumzisha wanyama, akapanda garini akamwita Delight Stroud, mke wa Kapteni, na kabla ya saa mbili kupita nikazaliwa mimi. Mapumziko ya mchana yalikuwa ya saa mbili. Kapteni akaja, akasimama nje ya turubai, kofia mkononi.

"Mama Hatch, tufanyeje?"

"Nilikuahidi nini, Kapteni?"

"Kwamba hutatuchelewesha."

"Basi ondokeni. Rosetta, mwanangu, chukua mjeledi. Wapeleke polepole, usiwapige, waite tu majina."

Rosetta alikuwa hajatimiza miaka kumi. Alishuka, akashika mjeledi uliomzidi urefu, akasimama upande wa kushoto wa maksai. Kapteni alimtazama mtoto yule kwa muda, kisha akaenda kwenye gari lake, akainama chini yake, na baada ya dakika chache akatoka akitangaza kwa sauti iliyosikika hadi mtoni kwamba ekseli yake, mti unaoshika magurudumu, imepasuka, haitafika popote siku ile, na kwamba msafara wote utapiga kambi hapo hadi kesho asubuhi kwa ajili ya matengenezo. Wanaume waliokwenda kumsaidia walirudishwa. Alisema kazi ile anaiweza peke yake.

Mama alikuwa mke wa fundi wa magurudumu kwa miaka kumi, na alijua mlio wa ekseli iliyopasuka kama anavyojua mlio wa mtoto mwenye njaa. Asubuhi iliyofuata alishuka garini nimefungwa kifuani mwake, akaenda kufunga nira, akapita karibu na gari la Kapteni, akaiangalia ile ekseli iliyokuwa nzima kama siku ilipochongwa, akauliza, "Imepona, Kapteni?"

"Imepona, mama," alisema Kapteni, akitazama pembeni.

"Namshukuru Mungu," alisema Mama, na hawakuzungumza tena habari hiyo maisha yao yote, ingawa waliishi majirani miaka thelathini na moja, hadi Kapteni alipofariki mwaka 1883 na Mama akamfulia shuka za kulazia maiti kwa mikono yake.

Mbele ya hapo maksai mmoja alikufa kwa kunywa maji mabaya, na Mama akamfunga Duchess nira mahali pake, akamkamua jioni na kumswaga mchana, na Duchess akafika. Kwenye mto Snake, mahali maji yanapokwenda kwa kasi na magari mawili ya msafara mwingine yalikuwa yamesombwa siku moja kabla, wanaume watatu wa Kishoshone, wenyeji wa nchi ile, waliotuuzia samaki walipanda farasi zao wakatangulia mbele ya gari letu, wakituonyesha kivuko kwa kukanyaga wao kwanza, na mama wa mmoja wao, mzee sana, alimchukua Mama pembeni akamwonyesha namna ya kunifunga mgongoni kwa ngozi ili mikono yote miwili iwe huru. Mama alivuka mto ule maji yakimfika kwapani, mkono mmoja umeshika pembe ya Duchess. Jina la yule mzee hakulijua, na alitaka hapa isemwe kwamba alijuta kutokuliuliza.

Waliingia bonde hili tarehe 16 Oktoba 1852. Mwaka 1854, sheria ilipokwisha kutambua haki ya wajane ambao waume zao walifia njiani, Mama aliandikisha ekari mia tatu na ishirini kwa jina lake mwenyewe. Mwezi Aprili mwaka uliofuata, alipokuwa ametoka siku nane kumhudumia Delight Stroud aliyekuwa mgonjwa, bwana mmoja mgeni aliyeitwa Thaddeus Gorse aliingia pembe ya shamba letu karibu na kijito, akajenga kibanda cha magogo, akawatangazia watu kwamba ardhi ya mwanamke asiye na mume ni ardhi isiyo na mwenyewe. Majirani walitaka kumwendea na bunduki. Mama alikataa, akatuchukua sisi watoto watatu, birika, ufagio na gunia la viazi, tukaenda. Mimi nilikuwa na miaka miwili, nasimulia nilivyosimuliwa. Gorse alikuwa juu ya paa anapigilia mbao. Mama aliingia ndani, akaanza kufagia.

"Unafanya nini humo, wewe mwanamke?"

"Nasafisha. Nimekuja kukushukuru, bwana. Nilikuwa nimepanga kujenga zizi la ndama hapa hapa, sikujua nitapata wapi fundi. Umejenga vizuri, ila mlango ni mwembamba, ndama hatapita."

"Hii nyumba ni yangu."

"Mbao ni zako. Ukimaliza paa shuka ule viazi."

Alishuka, akala, akidhani labda ndio ushindi wenyewe. Jioni hatukuondoka. Tulilala humo, yeye akalala nje, na kwa siku tatu Mama alipika, alifua, alimfundisha Rosetta na Lucius herufi mlangoni pa kibanda, akimsalimia Gorse kila asubuhi na kumwuliza amefikia wapi na paa, huku majirani wakipita mmoja mmoja kusalimia zizi jipya. Siku ya nne Gorse alifunga vifaa vyake juu ya nyumbu. Mama alimpa mkate wa njiani. Ndama walikaa kwenye kibanda hicho hadi mwaka 1871, baada ya Lucius kupanua mlango.

Kuna jambo moja alilonisisitiza nilisome lote. Tulipofika hapa, wanawake wa Kikalapuya, wenyeji wa bonde hili, walikuwa wakija kila mwaka kwenye uwanda wetu wa chini kuchimba mizizi ya maua ya buluu, chakula chao cha baridi, na Mama alikataza uwanda huo kulimwa, akawa anachimba pamoja nao. Mwaka 1856 walihamishwa na serikali wakapelekwa mbali, ng'ambo ya vilima vya magharibi, na Mama akasimama barabarani kutwa nzima wakipita. Miaka yote baada ya hapo, mtu alipomsifu kwa kuijenga nchi hii, alijibu, "Tulifika tukakuta meza imeandaliwa, tukakaa tukala, wala hatukumwuliza mwenye nyumba." Aliniambia nisome hivyo hivyo, na nisiongeze maelezo.

Kuhusu kazi, marehemu alianzisha shule ya kwanza ya Linnet Creek tarehe 5 Novemba 1855 sebuleni kwetu, akiwa na wanafunzi saba na vitabu viwili, akafundisha bila kukatisha hadi mwaka 1891. Ningewaomba wote waliofundishwa kusoma na Mama wanyanyue mikono, lakini naona kutoka hapa nilipo kwamba itakuwa rahisi zaidi kuwaomba wasiofundishwa naye.

Tarehe 9 Juni 1858 alifunga ndoa ya pili na Lemuel Ostrander, seremala, aliyemposa mara nne, na wakapata mtoto mmoja, mdogo wetu wa kike, Cyrena, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1860. Bwana Ostrander, ambaye alitulea bila kututofautisha, alifariki tarehe 12 Januari 1887.

Mwaka 1893, akiwa na miaka sabini, Mama aliniomba nimsindikize mashariki kwa treni. Njia iliyomchukua miezi mitano tuliimaliza kwa siku nne, akiwa amekaa dirishani na mikono mapajani, hataki kula, hataki kulala, akitaja mito kwa majina kabla haijatokea. Tulishuka kwenye stesheni ndogo kando ya Platte. Alitembea tangu asubuhi akitafuta kwa macho umbo la kingo za mto, lakini palikuwa pamelimwa mahindi kila upande, njia ya magari ilikwisha kufutika, na mwenye shamba, kijana mwenye heshima, akaja kutuuliza tumepotelewa na nini.

"Namtafuta mume wangu," alisema Mama.

"Ameelekea wapi, bibi? Nitamfuata na farasi."

"Hajaelekea popote, mwanangu. Yuko hapa hapa, tangu mwaka 1852. Wewe lima tu. Alipenda kuona kazi ikifanyika."

Yule kijana alivua kofia. Mama akachuma suke moja la mahindi, kwa ruhusa yake, akalila bichi pale pale, amesimama, hadi likaisha. Kisha akaniambia, "Twende, Ada." Nimeishi na mwanamke huyu miaka hamsini na sita, na siku ile niliogopa hata kumshika mkono.

Kuhusu ugonjwa, tarehe 21 Novemba 1908 marehemu alianguka ngazini akavunjika nyonga ya kulia, na Daktari Merrill Voss alimhudumia nyumbani, lakini mwezi Februari nimonia ikaingia kwenye pafu la kushoto, nguvu zikamwishia siku hadi siku, ingawa akili yake ilibaki timamu. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 6 Machi 1909 alimwuliza Rosetta, aliyekuwa amekesha naye, kama amekula. Rosetta akasema bado. Mama akamwambia aende akale, hataki kumwona anakonda. Rosetta alipomaliza chai akarudi, Mama alikuwa ameshatutoka, akiwa na umri wa miaka themanini na sita na siku ishirini. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na tisa na vitukuu thelathini na mmoja.

Familia inamshukuru Daktari Voss, aliyevuka kijito kilichofurika mara tisa kuja kumwona, inawashukuru majirani waliopasua kuni zetu majira yote ya baridi bila kuombwa, walimu wa Linnet Creek waliokuja kwa zamu kumsomea magazeti na kusahihishwa matamshi, na wote mliopika, mliochimba kaburi na mliokaa nasi kimya.

Limebaki agizo lake moja, la mwisho kuandikwa. Alisema hataki kubebwa na wanaume. Kwa hiyo sasa Rosetta, Cyrena, mimi na mabinti zetu watatu tutalinyanyua jeneza, na tutatembea nalo kwa miguu hadi makaburini, mwendo wa robo tatu ya maili, gari la farasi likija tupu nyuma yetu. Tunawaomba mvue kofia na kutupisha njia, na tukisimama kupumzika, msije kutupokea, tusubirini.

Pumzika sasa, Mama, na amani iwe nawe.